MUNGU NI MMOJA: JIRANI YETU MWISLAMU ASEMAPO HIVI, ASEMA NINI?



Hapa kwetu Korogwe ya Zamani hakuna awezaye kusema kwamba habari za Uislamu ni habari za mbali. Adhana ya alfajiri hutuamsha kabla ya kengele yetu. Katika jamaa nyingi za Wazigua, Wabondei na Wasambaa, mjomba ni Mwislamu na mpwa ni Mkristo. Au ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliitwa Yohana na mwingine Athumani. Twaazimana masufuria ya shughuli, twachimba makaburi pamoja, twaketi juu ya jamvi moja matangani. Na mara nyingi ni huko matangani, jioni watu wakishakula, ndipo swali huzuka: Je, Mungu wao na Mungu wetu ni mmoja? Nyuma yake huja la pili, gumu zaidi: jirani asemapo kwamba sisi twaabudu miungu mitatu, tumjibu nini?

Wengi wetu hunyamaza, na wengine hukasirika. Yote mawili hayafai. Huwezi kujibu neno usilolijua maana yake, na mwenzako hawezi kukusikiliza akiona kwamba hujamsikiliza. Basi somo hili ni la kujifunza kwanza wenzetu wenyewe wasemavyo, kisha kutazama imani yetu inakutana nao wapi, na inaachana nao wapi.

Neno lenyewe

Waislamu huliita fundisho hili tauhidi. Ni neno la Kiarabu, la shina moja na wahedi, yaani moja. Lakini tauhidi si hesabu tu, ni tendo. Maana yake ni kumkiri Mungu kuwa mmoja, na kuishi hivyo. Masheikh wa pwani hulitafsiri kwa neno zuri la Kiswahili: kumpwekesha Mungu. Sisi tusikiapo "upweke" twafikiri mtu aliyeachwa peke yake nyumbani, mwenye majonzi. Wao hawasemi hivyo. Wasema kwamba yeye ni wa pekee, hana wa pili, hana mfano, hana wa kulinganishwa naye. Neno moja, masikio mawili. Tutaliona jambo hili tena mbele, maana nusu ya ugomvi wetu ni ya masikio.

Ili kulifahamu neno hili yatupasa kwenda Maka, mwaka 610 hivi, Muhammad alipoanza kuhubiri. Maka ulikuwa mji wa biashara, na katikati yake palikuwa na Kaaba, nyumba iliyojaa masanamu. Mapokeo ya Waislamu husema yalikuwa 360. Watu wa Maka walimjua Mungu Muumba, lakini walisema kwamba anao washirika wa kumsaidia, na miungu wa kike watatu, Lata, Uza na Manata, waliitwa binti zake. Hapo ndipo ilipotoka sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo huijua kwa moyo, ile ambayo watu huiita Kulhuwallahu. Ni sura ya 112 katika Kurani, nayo ina aya nne tu. Yasema kwamba Mungu ni mmoja. Kwamba wote humtegemea yeye. Kwamba kwake hakuna kuzaa wala kuzaliwa. Na kwamba hakuna wa kufanana naye. Mapokeo yao husema kuisoma ni sawa na kusoma theluthi ya Kurani.

Angalieni jambo moja hapo. Wanachuoni wengi wa Kiislamu huihesabu sura hii kuwa ya Maka, nao husimulia kwamba waabudu sanamu ndio waliomwuliza Muhammad nasaba ya Mungu wake. Basi neno la kwamba Mungu hazai halikutupwa kwanza kwa Wakristo. Lilitupwa kwa watu waliosema Mungu ana binti, kama vile mtu awavyo na binti. Na kama Mkristo angalikuwako Maka siku ile, angalisema nini juu ya binti hao? Angalisema vilevile.

Mwaka 630 Muhammad aliingia Maka kwa ushindi na masanamu ya Kaaba yakaondolewa. Tangu hapo Mwislamu huhesabu dhambi moja kuwa kubwa kuliko zote: shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Kurani yasema Mungu husamehe dhambi nyingine kwa amtakaye, lakini si hiyo, ila mtu aitubie kabla ya kufa.

Yafundishwayo chuoni

Wengine wetu hudhani kwamba watoto chuoni hukariri Kiarabu tu pasipo kujifunza imani. Si kweli. Katika vyuo vingi vya pwani, vya madhehebu ya Shafii, watoto hufundishwa shairi fupi la Kiarabu liitwalo Akidatul Awamu, maana yake imani ya watu wa kawaida. Lilitungwa na Sheikh Ahmad al-Marzuki katika karne ya 19. Humo hufundishwa sifa ishirini ambazo ni lazima Mungu awe nazo. Mpango huo ulienezwa zamani zaidi na Sheikh Muhammad as-Sanusi wa Tlemcen, mji ulioko Algeria, katika karne ya 15.

Sifa hizo zinaanza na kuwapo kwake. Kisha kwamba hana mwanzo, wala mwisho; kwamba hafanani na chochote alichokiumba; kwamba asimama kwa nafsi yake, hahitaji kitu; na kwamba ni mmoja. Halafu zafuata uwezo, kutaka, elimu, uhai, kusikia, kuona na kusema. Zilizobaki saba hueleza hizi za mwisho kwa namna nyingine: kwamba yeye ni Mwenye uwezo, Mwenye kutaka, na kuendelea. Mtoto wa miaka kumi aliyezijua vema ana elimu ya Mungu ambayo, tuseme kweli, watoto wetu wengi wa kipaimara hawana.

Tena someni kanuni ya kwanza katika zile Kanuni Thelathini na Tisa za Kanisa la Uingereza, za mwaka 1571. Kabla haijataja Utatu, yakiri Mungu mmoja aliye hai na wa kweli, wa milele, asiye na mwili wala viungo, mwenye uwezo na hekima isiyo na mpaka. Mwalimu wa chuo angeweza kuisoma nusu hiyo ya kwanza kwa wanafunzi wake asibadili neno.

Wako pia siku hizi walimu wafundishao kwa mpango mwingine, wa kuigawa tauhidi mara tatu: umoja wa Mungu katika kuumba na kutawala, umoja wake katika kuabudiwa, na umoja wake katika majina na sifa. Mafundisho haya hufuata Ibn Taimia, aliyekufa mwaka 1328, na Muhammad bin Abdulwahabi wa Uarabuni, aliyekufa mwaka 1792. Wenye mpango huu huwa wakali juu ya ziara za makaburi na hata juu ya maulidi, wakisema yaelekea shirki. Wazee wa Shafii hujibu kwamba kumpenda Mtume si kumwabudu. Hilo ni shauri lao wenyewe, wala Mkristo asijitie kuwaamulia. Twalitaja ili mjue kwamba neno tauhidi latoa jasho hata ndani ya nyumba yao.

Mambo mawili tuyaache kuyasema kabisa. La kwanza, kwamba Waislamu wamwabudu Muhammad. Katika shahada yao yeye ni mtume, na katika sala zao ni mja wa Mungu. Kumwabudu kungekuwa shirki. La pili, kwamba wauabudu mwezi. Hilo hutoka katika vijitabu visivyo na elimu. Hilali ilienea kuwa alama ya Uislamu hasa kwa sababu ya bendera za dola ya Waturuki, si kwa sababu ya ibada.

Ushirika na shirki

Sasa tuje kwenye masikio. Lugha yetu ya kanisa imejaa maneno ya Kiarabu, nasi hatuyafikirii. Twaita Meza ya Bwana Ushirika Mtakatifu. Twasema ushirika wa Roho Mtakatifu. Hata chama cha wakulima twakiita cha ushirika. Kwetu ni neno tamu. Lakini shina lake ndilo lile lile la shirki. Mwislamu asikiapo kwamba Baba na Mwana na Roho wana ushirika, sikio lake lasikia dhambi ile isiyosamehewa. Si ubishi tu. Ni woga wa kweli, woga wa kumkosea Mungu.

Neno la pili ni nafsi. Katekisimu yetu husema Nafsi tatu katika Mungu mmoja. Na katika mazungumzo ya kila siku nafsi ni nini? Mimi nina nafsi yangu, wewe una yako. Nafsi tatu ni watu watatu. Mababa wa Kanisa waliotafuta maneno ya Kiyunani na Kilatini kwa ajili ya siri hii hawakutaka kusema watu watatu walioketi pamoja. Walitafuta neno la kuonyesha kwamba Baba si Mwana, na Mwana si Roho, na hata hivyo uungu ni mmoja, mapenzi ni mamoja, tendo ni moja. Kanuni ya Mtakatifu Athanasio yakataza waziwazi kusema Miungu watatu. Basi mtu akikuambia kwamba kuna miungu mitatu, usimtetee miungu mitatu. Mwambie kwamba kanisa lako limeikataza.

La tatu, Mwana. Ndilo zito. Katika Kiswahili mwana ni wa kuzaliwa na mke na mume, na Kurani yauliza Mungu atakuwaje na mwana naye hana mke. Nasi twajibu: hana mke, wala hatujasema kamwe kwamba anaye. Tena kuna mahali katika Kurani, sura ya 5, pataonekana kama kwamba Wakristo humfanya Mariamu kuwa mungu pamoja na Mungu. Mariamu twamheshimu sana kama Mama wa Bwana, lakini anayemwabudu kama Mungu si Mkristo wa kanisa lolote tulijualo. Katika mambo hayo Kurani ikatazapo, nasi twakataza.

Lakini tusijidanganye kwamba yote ni ya masikio. Tukiisha kuyaondoa makosa hayo yote, labaki jambo. Sisi twaamini kwamba Neno wa milele alifanyika mtu, akasulibiwa, akafufuka. Mwislamu humheshimu Isa kuwa nabii mkuu aliyezaliwa na bikira, lakini hakubali kwamba Mungu aliuvaa mwili, na Kurani, sura ya 4, yakana kwamba alisulibiwa. Hapo hakuna tafsiri ya neno itakayotusaidia. Hapo twaachana, na ni afadhali kuachana kwa adabu kuliko kupatana kwa uongo.

Neno la Mungu ni Mungu, au si Mungu?

Labda ndugu wengine watasema: kwa Waislamu mambo ni mepesi, mmoja ni mmoja, basi, sisi ndio wenye fumbo. Hata wao wenyewe wanachuoni wao hawakuona kuwa mepesi. Ikiwa Mungu ni mmoja kabisa, vipi ana elimu, na uwezo, na neno? Je, elimu yake ni yeye mwenyewe, au ni kitu kingine cha milele kando yake? Wakisema ni kingine, wamekuwa na wa milele wengi. Wakisema si kitu, wamemvua Mungu sifa zake.

Ugomvi ulikuwa mkali hasa juu ya Kurani, kwa kuwa ni neno la Mungu. Kundi la Muutazila walisema imeumbwa, wakijiita watu wa tauhidi. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliamuru wanachuoni wajaribiwe juu ya jambo hilo, na Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyekataa kusema imeumbwa, alifungwa na baadaye kupigwa mijeledi. Mwishowe neno lililoshika kwa Wasuni wengi ni la Abulhasan al-Ashari, aliyekufa mwaka 936 hivi, na wafuasi wake, ambao akida ya vyuo vyetu vya pwani ni yao: sifa za Mungu si yeye mwenyewe, wala si kingine kisicho yeye. Soma tena maneno hayo polepole. Si Utatu, na sheikh atakataa ukiyafananisha, tena ana haki. Lakini yaonyesha kwamba kila anayemtafakari Mungu mmoja kwa bidii hufika mahali ambapo hesabu ya vidole yakoma.

Wakristo waliokaa kati ya Waarabu waliliona hili mapema. Mtakatifu Yohana wa Dameski, wa karne ya 8, alikuwa wa jamaa iliyotumikia makhalifa wa Bani Umaiya. Alijua kwamba Kurani humwita Isa neno la Mungu na roho itokayo kwake. Basi aliuliza hivi kwa kifupi: neno lake na roho yake, vimo ndani ya Mungu au viko nje? Kama viko nje, basi Mungu alikuwa hana neno wala roho, na ninyi mliokimbia kumpa mshirika mmempunguza. Ni hoja kali, na namna yake ya kuwasema Waislamu haikuwa ya upole. Hatuhitaji kuiga ukali wake. Baada yake Wakristo walianza kuandika kwa Kiarabu chenyewe. Yahya bin Adi wa Baghdadi, Mkristo aliyekufa mwaka 974, aliandika kitabu juu ya tauhidi, kwa neno hilo hilo. Na mpaka leo Wakristo wengi wa Misri na Shamu, wakiisha kujifanyia ishara ya msalaba na kuwataja Baba na Mwana na Roho, huongeza papo hapo kwamba ndiye Mungu mmoja. Mimi naona ni desturi nzuri kwa mahali kama petu.

Vitabu vilivyotoka kwetu

Si wengi wajuao kwamba tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilifanywa na padre wa misioni yetu, U.M.C.A. Kanoni Godfrey Dale alifanya kazi katika nchi ya Bondei, akaandika mwaka 1896 juu ya desturi za Wabondei, kisha akakaa Unguja. Tafsiri yake ilipigwa chapa London mwaka 1923. Alikusudia hasa kuwasaidia walimu wa Kikristo wajue wanachokijibu, na maelezo yake yalikuwa ya mtu wa upande mmoja. Waislamu hawakuipenda, na tusistaajabu. Hata sisi tusingependa Injili iliyotafsiriwa ili ijibiwe. Lakini alijifunza kabla ya kusema, na hilo ni heshima.

Mwaka 1953 ilitoka tafsiri ya Waahmadia ya Sheikh Mubarak Ahmad, na mwaka 1969 ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Unguja, ambaye alikuwa Kadhi huko na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Hiyo ya Farsy ndiyo utakayoikuta katika nyumba nyingi. Humtaja Mungu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Fungueni sasa Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990: pale ambapo Biblia yetu ya zamani huandika BWANA, yenyewe huandika Mwenyezi-Mungu. Na Mzigua mzee, awe wa msikiti au wa kanisa, akiguswa na radi husema Mulungu. Jina hilo halikuletwa na meli ya mtu yeyote.

Basi, ni Mungu mmoja? Kwa kuwa Mungu ni mmoja tu, hakuna wa pili ambaye wenzetu wangeweza kumwomba. Amwombaye Muumba wa mbingu na nchi, mwenye kuhukumu na kurehemu, Mungu wa Ibrahimu, hamwombi mwingine. Lakini yale tuyasemayo juu yake si mamoja. Oktoba 2007 wanachuoni wa Kiislamu 138 waliwaandikia viongozi wa makanisa barua wakisema kumpenda Mungu mmoja na kumpenda jirani ni neno la wote. Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Rowan Williams, aliwajibu Julai 2008. Aliikaribisha barua yao, na wala hakuuficha Utatu. Aliueleza, akakana kwamba twaongeza miungu kando ya Mungu. Njia hiyo yatufaa hata jamvini. Yatupasa kukumbuka pia jibu la Bwana wetu katika Marko 12: alipoulizwa amri kuu hakuanza na upendo, alianza na umoja wa Mungu, kama Kumbukumbu la Torati 6 iamuruvyo.

Hirizi na matangani

Kuna mahali ambapo tauhidi ya jirani yatuhukumu sisi. Mkristo aliyekomunika Jumapili, Jumatatu yuko kwa mganga akifungiwa hirizi ya biashara, au amemchinjia mzimu wa babu kuku mwekundu ili mtoto apone. Hirizi ile huenda ina maandishi ya Kiarabu ndani, na sheikh mwenye elimu angeikemea mbele yetu. Hapo hatuna haki ya kumweleza mtu yeyote habari za Nafsi tatu. Kwanza tuwe na mmoja.

Mwisho, wengi wameuliza juu ya dua matangani. Ikisomwa Fatiha, aya zake saba zina sifa za Mola wa viumbe vyote, na ombi la kuongozwa njia iliyonyoka. Waislamu hulifahamu ombi hilo kwa namna yao, lakini kwa maoni yangu Mkristo aweza kuketi kwa heshima na kuitikia Amina, wala dhamiri isimsumbue. Shahada ni jambo jingine. Hiyo ni kiapo cha kuingia dini, na asiyeingia asiitamke, hata kwa kumfurahisha mjomba. Vivyo hivyo, jamaa zetu Waislamu wajapo kanisani kumzika ndugu yao, wengine huketi ndani na wengine husimama nje chini ya mti. Tukianza kwa Jina la Baba na la Mwana, watanyamaza. Mtu asiwatazame kwa jicho baya, wala mwimbishaji asiwahimize kuimba. Wapewe viti, na wakati wa kuchukua jeneza wapishwe washike pamoja nasi.